Pindo la Baka la Tatu

Mwanamke yule alikuja Jumamosi ya pili ya Septemba, na kabla hajazima gari nilishajua kwamba anaficha jambo. Nilikuwa nimekaa barazani na bakuli la karanga za kuchemsha mapajani. Alipandisha kioo cha dirisha polepole, kisha akabaki ndani ya gari midomo ikimcheza, kama mtu anayerudia maneno kabla ya kuyasema. Mwishowe akashuka.

“Bi Nadine?”

“Nani anamuuliza?”

“Naitwa Marvette Simmons. Nilipiga simu juzi kuhusu nyoka. Mimi ni mwalimu, natoka Walterboro. Nataka mmoja wa kuweka darasani.”

“Kwenye simu ulisema ni wa mpwa wako.”

“Mpwa wangu yumo darasa hilo hilo.”

Alijibu upesi mno. Nilimenya karanga, nikatupa ganda kwenye ndoo, nikamwacha asimame juani kidogo.

Bandani kwangu mwaka ule kulikuwa na watoto wa nyoka kumi na tisa, wote wa mama mmoja. Ni nyoka wa mahindi, wale wasio na sumu ambao watu wa huku huwakuta ghalani wakiwinda panya na kuwaacha waende zao. Wangu si wa ghalani. Ni ukoo niliouchagua kwa macho yangu miaka ishirini na minne, kizazi hadi kizazi, mpaka wakawa na mabaka mekundu kama tofali lililolowa mvua, na kila baka limezungushiwa pindo jeusi, pana kama penseli. Mama yao alikuwa amechoshwa na kutaga. Uti wa mgongo ulikuwa umeanza kumtokeza, na nilijua kwamba mayai yale ya Juni ndiyo yake ya mwisho. Dada yake alikufa wakati wa baridi iliyopita. Katika wale watoto kumi na tisa, jike aliyefaa kuuendeleza ukoo alikuwa mmoja tu. Akitoka huyo getini, ukoo umetoka. Na nilikwisha kuporwa mara moja, kwa karatasi, mbele ya hakimu, kwa hiyo mtu akiniambia yeye ni mwalimu, namtazama viatu kwanza.

Viatu vyake vilikuwa vyeupe, vya mpira, vya mtu anayesimama kutwa kwenye sakafu yenye maji.

“Ngoja nimalize karanga zangu,” nikamwambia. “Nyoka hawana miguu, hawatakwenda popote.”

Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tano. Baba alikuwa akikata misonobari, akaangukiwa na gogo, mama akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na mimi nikabaki nyumbani na wadogo zangu wanne. Nasoma, ila herufi moja moja, na mtu akinisimamia kichwani hata hizo hunikimbia. Dewitt Padgett, aliyekuja kuwa mume wangu, alilijua hilo siku ya kwanza aliponitoa kwenda kula, maana nilishika karatasi ya vyakula juu chini. Alicheka kidogo, akaigeuza bila kusema neno. Nilidhani ni upole.

Nyoka wa kwanza nilimpata mimi. Tulikuwa tumekwenda kwenye nyumba moja iliyoanguka karibu na reli, mwezi wa Aprili, tukifunua mabati yaliyolala chini, maana nyoka hupenda kujificha chini ya bati lenye joto. Dewitt alikuwa nyuma ya mti akijisaidia. Niliinua bati, nikamwona amejikunja pale, jike mkubwa, mwekundu, amejipinda vizuri kana kwamba mtu amempanga.

“Usimguse,” Dewitt akaniita kutoka nyuma ya mti.

Nilishamshika. Miaka iliyofuata, kwenye maonyesho ya nyoka, nilimsikia akiwasimulia watu jinsi yeye alivyoinua lile bati. Alisimulia nimesimama ubavuni pake. Mara nyingine alinigeukia akasema, “Si ndiyo, mpenzi?” na mimi nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu foleni ya wanunuzi ilikuwa ndefu.

Tulifanya kazi hiyo pamoja miaka kumi na saba. Yaani mimi nilifanya kazi, yeye akafanya maneno. Mimi ndiye niliyesafisha maboksi, nikawalisha vitoto vya panya, nikawaingiza kwenye baridi Novemba wapate kulala na kuwatoa Februari, nikawakutanisha madume na majike Machi, nikayachunga mayai. Hata suala la matandiko tulikosana. Mimi nilitaka maranda ya mbao. Dewitt alitandika magazeti, kwa sababu hayana gharama, na wino ukawapaka nyoka tumboni. Tumbo la nyoka wa mahindi ni kama ubao wa drafti, jeupe na jeusi. Nyoka wa Dewitt wote walikuwa na matumbo ya kijivu. Alisema mnunuzi hamgeuzi nyoka.

Kazi yenyewe, ile ambayo hakuwahi kuijua, ni kuchagua. Mtoto wa nyoka huyu hutoka yaini akiwa na rangi ya vumbi. Wekundu huja baadaye, kila anapojivua ngozi. Huwezi kuwalea wote, kwa hiyo inabidi uamue wakiwa bado wa kijivu nani abaki na nani auzwe, na ukikosea utajua baada ya miaka minne. Dewitt aliwaweka wanaong'aa mapema. Kila mtu hufanya hivyo. Mimi niliona, baada ya kukosea mara nyingi, kwamba anayewahi kung'aa huchujuka akikomaa, akawa manjano ya tope. Wa kubaki ni yule ambaye pindo jeusi la baka la tatu kutoka shingoni limefunga duara lote, bila mwanya, angali wa kijivu. Hata kama anaonekana kama kamba ya kiatu. Mabaka mawili ya kwanza yako karibu mno na shingo, hudanganya. Unahesabu mpaka la tatu.

Nilimfundisha mtu mmoja tu, binti yangu Charla. Alikuwa na miaka tisa, akiketi bandani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimshikia kitoto cha nyoka mbele ya macho.

“Moja, mbili, tatu. Hapo. Limefunga?”

“Limefunga, Mama.”

“Kote?”

“Kote.”

“Usimwambie baba yako.”

Alicheka. Kwake ulikuwa mchezo. Mimi tayari nilikuwa na sababu zangu. Nilijua kwamba siku Dewitt atakapolijua jambo hilo, Jumamosi itakayofuata atakuwa amelivumbua yeye.

Aliniacha kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akiuza panya wa kugandishwa kwenye maonyesho. Ndipo nilipojua kwamba zile karatasi nilizotia sahihi mwaka baada ya mwaka, nikiambiwa ni za kodi, zilisema wanyama wote na jina la biashara ni mali yake. Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alitaka kusikia ni nani hasa aliyewazalisha wale nyoka, akamwita Charla, aliyekuwa na miaka ishirini.

“Baba,” Charla akasema, akiitazama meza. “Mama alikuwa anasafisha.”

Baadaye nilisikia alichoahidiwa. Kulikuwa na jike mmoja aliyemlea tangu yai, akimwita Penny, kama ile sarafu ya shaba. Dewitt alimwambia Penny atakuwa wake.

Siku Dewitt alipokuja na lori kuwachukua, alichagua arobaini na kitu, wote wanaong'aa. Charla alikuwa naye, akimpokea maboksi na kuyapanga. Nilisimama mlangoni mwa banda nikalia kwa sauti, nikijifuta kwa aproni, nikisema ananiachia takataka, ananiachia takataka. Machozi mengine yalikuwa ya kweli. Lakini nililia vile asije akatazama mara mbili kile anachokiacha, kwa sababu katika wale kumi na mmoja wa rangi ya vumbi alioniachia, walikuwamo majike wawili ndugu, pindo la tatu limefunga kama pete.

Ikapita miaka saba. Yule wa duka la chakula cha mifugo, ambaye hajui kunyamaza, aliniambia nyoka wa Padgett siku hizi wana rangi ya haradali iliyokaukia kwenye sahani. Nilimwambia pole yao. Nikienda nyumbani nikanunua kufuli la pili njiani, maana nilijua Dewitt atawataka wangu, na nilijua hatakuja mwenyewe. Atamtuma mtu. Mtu mpole, labda mwanamke. Labda mwalimu.

Nilimaliza karanga.

“Haya, Mwalimu. Twende bandani.”

Mlangoni, kabla sijamwambia, alitoa kichupa mfukoni akajipaka dawa mikononi, hata katikati ya vidole, na kuipuliza ikauke. Watu wanaofuga hufanya hivyo, wasije wakaleta utitiri kutoka banda jingine. Mwalimu anayetaka nyoka wa darasani hajui habari za utitiri.

“Wamekula lini?” akauliza.

“Kwa nini?”

“Nisije nikamshika aliyeshiba akatapika.”

“Shule yenu inafundisha mengi.”

Akatabasamu, akatazama chini. Nilichukua vitoto sita nikaviweka kila kimoja kwenye bakuli lake mezani, chini ya taa. Watano walikuwa madume. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kung'aa, anapendeza, angemtoa mate mtu yeyote. Wa sita nilimweka makusudi. Alikuwa yule jike. Nilitaka kuona mkono wa yule mwanamke utakwenda wapi. Nilikuwa nimesimama kati yake na mlango, na mimi si mwembamba.

“Chagua,” nikamwambia.

Alimtazama anayeng'aa kidogo tu, kama mtu anayetoa heshima, akapita. Akamchukua wa tatu, akamrudisha. Akamchukua jike. Akamwinua kwenye taa, na nikamwona kidole gumba kinatembea kutoka shingoni. Midomo ikacheza tena, kama kule kwenye gari. Moja. Mbili. Tatu. Hapo kidole kikasimama, akamgeuza taratibu kushoto, kisha kulia, kuona kama limefunga.

Nikauegemea mlango.

“Huyu,” akasema.

“Huyo? Wanafunzi watadhani umewaletea kamba ya kiatu.”

“Nimempenda. Ni mtulivu.”

Hapo hapo yule mtulivu akamng'ata kidole. Hakushtuka, hakumtupa. Alimwacha akiachie mwenyewe, akajifuta damu kwenye suruali.

“Mrudishe kwenye bakuli,” nikasema. “Mrudishe, uniambie ni nani aliyekufundisha kuhesabu mpaka tatu.”

“Bi Nadine, mimi nilikuwa tu...”

“Dada, sikiliza. Watu wanaoijua hiyo tatu ni wawili duniani. Mmoja ni mimi. Kama umetumwa na Dewitt, basi wa pili amemwambia, na wewe utatoka hapa bila nyoka na bila kioo cha gari.”

Alimrudisha jike kwenye bakuli, akafunika. Akavuta ndoo, akakaa bila kukaribishwa.

“Sijui hata huyo Dewitt anafananaje,” akasema. “Nafua nguo kwenye nyumba ya wazee, Walterboro. Charla anafua na mimi. Mwaka wa tatu huu. Tukikunja shuka ananieleza habari za nyoka mpaka nimechoka. Mimi naogopa nyoka, Bi Nadine. Nimefanya mazoezi kwa mkanda.”

“Mkanda.”

“Wa suruali. Alinichorea mabaka kwa kalamu.”

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine.

“Na baba yake?”

“Hawaongei miaka mitano. Yule nyoka wake, sijui Penny, baba aliuza kwenye maonyesho ya kwanza kabisa. Charla alirudi kutoka kununua soda, akakuta boksi tupu.”

“Ana nyoka sasa?”

“Hana. Ana hilo boksi. Kila Jumapili analibadilishia maji. Mimi humcheka, namwambia, wewe, unamnywesha nani?”

Niliitafakari hiyo habari ya maji. Ilikuwa nzuri mno. Ni habari ya aina ile anayopewa mtu anayetumwa, aibebe, aitoe mahali panapofaa.

“Kwa nini hakuja mwenyewe?”

“Anasema utamfungia geti.”

“Kweli ningemfungia.”

“Basi hajakosea,” Marvette akasema, akainuka na kujikung'uta maranda.

Nilizunguka banda. Nilipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Kama Charla anasema kweli, anamtaka jike kwa ajili yake. Kama anadanganya, anamtaka kwa ajili ya Dewitt, na Dewitt angali na madume ya damu ile ile. Mpe jike mmoja aliyefunga, na baada ya miaka mitatu amesimama kwenye maonyesho akisimulia alivyomwokota chini ya bati.

Mwisho nilichukua dume, ndugu yake yule jike, naye pindo lake la tatu limefunga. Nikamtia kwenye chombo chenye matundu. Nikapokea bei ya dume, kwa sababu sikuwa na sababu ya kumpa mtu zawadi.

“Yule uliyemchagua ni jike, na majike wa namna ile hawatoki hapa. Huyu ni dume. Mpelekee. Mwambie jike yupo, na akitaka kumwona aje kwa miguu yake. Na aje na dume huyu, nimtazame tumbo.”

“Tumbo?”

“Yeye anajua.”

Zikapita wiki sita. Mara mbili niliona lori la kijani likipunguza mwendo mbele ya geti. Mara moja simu ililia, mwanamume ambaye hakujitaja akauliza kama nina majike, nikamwambia nina mbwa. Nilimhamisha yule jike kutoka bandani nikamweka jikoni, boksi lake nyuma ya mkebe wa unga wa mahindi, na nikitoka kwenda dukani nilichomeka unyoya kwenye tundu la kitasa ili nijue kama mtu ameingia. Unyoya ulibaki palepale kila siku. Hilo nalo lilinitia wasiwasi. Nilianza kufikiri kwamba dume wangu amelala mahali fulani juu ya gazeti.

Charla alikuja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, watu walipotoka kanisani. Sikumtazama yeye kwanza. Nilitazama kiti cha nyuma, kisha barabara yote mpaka kwenye kona. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikamtazama. Alikuwa amekonda. Masikio ni ya baba yake, hilo halina dawa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vile vile vyeupe vya mpira, na mkononi ana foronya iliyofungwa fundo, kama tunavyobeba nyoka huku.

“Habari za leo, mama,” akasema, kama anavyosemeshwa mama wa mtu mwingine.

“Fungua.”

“Hapa nje?”

“Hapa hapa.”

Akafungua fundo, akamtoa yule dume. Alikuwa amekua, amejivua ngozi mara mbili, wekundu umeanza kuingia. Nilihesabu mpaka la tatu. Ni yeye. Mabaka ya nyoka hayafanani, na huyo mimi nilimwona akitoka yaini. Nikamgeuza. Tumbo lilikuwa jeupe na jeusi, safi, hakuna kijivu.

“Umemwosha.”

“Mama.”

“Nimeuliza.”

“Hukuuliza, umesema. Sijamwosha. Mnuse.”

Nikamnusa. Alinuka sabuni ya kufulia.

“Hiyo ni foronya,” Charla akasema. “Nafua mia mbili kwa siku. Hata mimi nanuka hivyo, ninuse ukitaka.”

Sikumnusa. Nilimfungulia kufuli la kwanza, nikamfungulia la pili, tukaenda bandani. Alisimama katikati akatazama maboksi, mkono wake ukaenda wenyewe kunyoosha moja lililokaa upande.

“Nilisema ulikuwa unasafisha,” akasema.

“Nilisikia. Nilikuwa nimekaa mle mahakamani.”

“Nilijua ni uongo.”

“Na mimi nilijua. Hakimu peke yake ndiye ambaye hakujua, na ndiye aliyekuwa na kalamu.”

Alinyoosha boksi jingine. Sikumsaidia. Kulikuwa na swali moja nililolibeba tangu ile siku ya Marvette, na nilikuwa nimeamua nisipolipata jibu lake atarudi na foronya yake alikotoka.

“Ulimwambia baba yako habari ya baka la tatu?”

“Hapana.”

“Miaka miwili uliyokaa kwake. Meza moja. Hakukuuliza kwa nini nyoka wake wanachujuka?”

“Aliniuliza. Nilimwambia labda ni chakula. Akamlaumu mke wake na panya zake.”

“Unaniambia ninachotaka kusikia.”

“Mama, hebu kumbuka ile siku ya lori.” Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, akaishusha. “Nani alikuwa anapokea maboksi? Ni mimi. Wale wawili wa kijivu walikuwa rafu ya chini, huku kushoto. Aliinama akawatazama. Mimi nilikuwa nimesimama hivi, karibu yake. Niliona yamefunga, wote wawili. Akaniuliza, vipi hawa? Nikamwambia, aa, hao ni wa kijivu, Baba, tunapoteza nafasi.”

Nilitazama rafu ya chini, kushoto.

“Mimi ndiye niliyemzuga,” nikasema. “Nililia.”

“Ulilia vibaya sana. Hata Baba alisema, mama yako leo ana nini? Nikamwambia umechoka.”

Miaka saba nilikuwa nimejiambia kwamba nyoka wale waliokolewa na machozi yangu. Ndicho kitu pekee katika habari ile yote nilichojivunia. Nilimtazama Charla nikitafuta mahali anapodanganya. Yawezekana alilitunga njiani. Lakini rafu ya chini kushoto ndipo walipokuwa, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote walikuwa rafu gani. Na Dewitt aliwaacha. Dewitt hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kuuliza.

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema lini? Uliponitupia maji ya sahani au baadaye?”

Ni kweli nilimtupia. Alikuja mara moja, mwaka ule wa kwanza, akasimama hapo barazani, na mimi nilikuwa na beseni mkononi.

Nilikwenda jikoni nikarudi na boksi. Nilipofunua, jike alikuwa amejikunja kwenye kona, pindo lake jeusi lote, baka lake la tatu kama limechorwa kwa bikari. Charla hakumgusa. Alijipaka dawa mikononi kwanza, akaniangalia, nikatikisa kichwa kukubali, ndipo akamchukua.

“Hatoki hapa,” nikasema.

“Sikuja kumchukua.”

“Mlee dume kwako. Mimi nitamlea huyu. Baridi tatu zikipita watakuwa wamekomaa, utamleta Machi, watakutana hapa, mayai yatatagwa hapa. Watoto tutawachagua wote wawili, na atakayeuzwa atauzwa bila jina la Padgett.”

“Mimi naitwa Padgett.”

“Utafute jingine.”

Akacheka kwa pua, kama alivyokuwa akicheka akiwa mtoto.

“Na huko katikati utakuja naye, Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, nimtazame tumbo.”

“Kila mwezi? Miaka mitatu?”

“Wino hauchelewi kushika.”

Nilimrudisha jike jikoni, nikampa Charla ndoo na brashi. Maboksi yalikuwa yanahitaji kusafishwa kabla ya kuwaingiza kwenye baridi, na sikuona kwa nini nisafishe peke yangu wakati kuna mtu mwenye mikono. Alifanya kazi mpaka saa kumi na moja, amefunga gauni la kanisani magotini. Nilimpa sukuma wiki na mkate wa mahindi, akala amesimama jikoni. Aliniuliza kama yule nyoka mama anakula, nikamwambia kidogo. Aliniuliza kama mgongo unaniuma, nikamwambia mambo yangu ni yangu.

Akaondoka na dume wake kwenye foronya. Nilifunga kufuli zote mbili, nikasimama mpaka taa za gari zilipopita kwenye kona. Hakugeukia njia inayokwenda kwa baba yake. Angeweza kugeukia huko mbele, nisikoona.

Kisha nikarudi bandani nikahesabu maboksi. Yote yalikuwepo. Nikaingia jikoni kumtazama jike. Alikuwepo. Maji kwenye kibakuli chake yalikuwa yamebadilishwa, na sikumwona Charla akiyabadilisha, kwa hiyo nikarudi bandani nikahesabu tena.